Karatasi za Kwenda kwa Shangazi

Shangazi alimfuata mumewe, fundi wa reli, hadi Kapiri Mposhi, Zambia, mwisho wa reli ya TAZARA. Tangu reli ilipokabidhiwa mwaka 1976, sisi wa Makambako usafiri tunao; shida ni karatasi. Baba, alipotaka kwenda arusi huko, alianza kwa mjumbe wa nyumba kumi, akaandikiwa barua, akaenda nayo Uhamiaji na picha zake ndogo kuomba hati ya dharura ya safari. Pasipoti hakuitaka: ya nini kwa arusi moja? Kadi ya homa ya manjano, iliyokunjika pembe, aliitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na nauli. Mama akaushonea ndani ya koti. Tunduma, mpakani, ikabidi akope wembe kuufumua.