Tuisheni: mwalimu wa ziada humsaidia mtoto wakati gani?

Tuisheni ni masomo ya kulipia yanayotolewa nje ya ratiba ya kawaida ya shule. Wengine huyaita masomo ya ziada. Anayeyahitaji anaweza kuwa mtoto wa darasa la pili ambaye bado hajui kusoma, kijana wa kidato cha nne anayeogopa hisabati, au mama wa miaka 40 anayetaka kufanya mtihani alioukosa ujanani. Mwalimu anaweza kuja nyumbani, kukaa na wanafunzi watatu chini ya mwembe, au kukodi chumba na kukijaza watu 60. Yote hayo huitwa tuisheni, ingawa mzazi halipii kitu kimoja.

Nchini Tanzania, tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne. Fedha za tuisheni bado zinatoka mfukoni mwa mzazi, na kijijini mara nyingi ni fedha za mahindi au za kuku. Wasikilizaji wetu, hapa tunaeleza jinsi ya kujua kama fedha hizo zinamnufaisha mtoto.

Kosa lina sababu yake

Chukua hesabu hii: 503 kutoa 287. Jibu ni 216, lakini mtoto ameandika 384. Hakubahatisha. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: 5 kutoa 2 ni 3, 8 kutoa 0 ni 8, 7 kutoa 3 ni 4. Hajui afanye nini tarakimu ya juu inapokuwa ndogo kuliko ya chini. Hajaelewa mamia, makumi na mamoja, mambo ya madarasa ya chini kabisa. Anaweza kufika darasa la sita hivyo hivyo, akafundishwa desimali, akakosa tena, na nyumbani wakasema hesabu hazimo kichwani mwake.

Kiwango cha serikali ya Tanzania kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na shule nyingi za vijijini zimepita hapo. Mwalimu mwenye rundo la madaftari 90 huweka alama ya kosa na kwenda kwenye daftari linalofuata. Hatumlaumu. Ila mwalimu wa tuisheni mwenye mtoto mmoja au watatu hana kisingizio hicho. Yeye anapaswa kuuliza, "Umefikaje kwenye jibu hili?" kisha amrudishe mtoto kwenye vijiti na mafungu ya kumi kumi, hata kama yuko darasa la sita.

Mwaka 1984 mtafiti wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mwalimu wake peke yake alifanya vizuri kuliko asilimia 98 ya wenzake waliofundishwa darasani. Watafiti waliokuja baadaye walipata faida ndogo zaidi ya hiyo. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba wanafunzi wale wa Bloom pia walipimwa mara kwa mara na kusahihishwa papo hapo. Chumba cha watu 60 kinachorudia somo la asubuhi hakifanani na hilo.

Pima kabla ya kulipa

Mzazi anaweza kuanza mwenyewe. Mpe mtoto hadithi fupi ya kitabu cha darasa la pili, hata kama yuko la tano. Tafiti za Uwezo katika Afrika Mashariki hutumia njia ya namna hiyo, zikianza na herufi na maneno hadi hadithi, na kila mara zimekuta watoto wa madarasa ya juu wasioweza kuimaliza. Kama wewe husomi, mwombe kaka au dada yake mkubwa asikilize. Kisha mwulize mtoto hadithi ilihusu nini. Kuna watoto wanaotamka maneno yote vizuri na hawajui walichosoma.

Kwa wa kidato cha kwanza, jambo la kuangalia ni lugha. Katika shule za msingi za serikali alifundishwa kwa Kiswahili, na ghafla masomo karibu yote yamekuwa ya Kiingereza. Mwambie akueleze kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Akieleza vizuri, biolojia anaijua. Kinachomwangusha ni kutoelewa swali linamtaka nini. Huyo mtafutie mwalimu wa Kiingereza. Tunaona wazazi wakilipia masomo manne wakati tatizo ni moja, na kwa maoni yetu hapo ndipo fedha nyingi zinapotea.

Unapozungumza na mwalimu, msikilize anaanzaje. Anayeomba kuona madaftari ya mtoto ameanza vizuri. Anayetaja bei na kuahidi daraja la kwanza kabla hajamwona mtoto, achana naye. Mkubaliane jambo moja la wiki nne, kwa mfano mtoto aweze kutoa namba za tarakimu tatu, na lipa kwa wiki, si kwa muhula. Wiki nne zikiisha, mpe hesabu ile ile yenye namba nyingine. Familia tatu zenye watoto waliokwama mahali pamoja zinaweza kuchangiana mwalimu mmoja. Hapa umri au darasa si muhimu sana, muhimu ni pale walipokwama.

Mwalimu yule yule wa asubuhi

Swali gumu ni la mwalimu wa shule anayewatoza wanafunzi wake mwenyewe jioni. Wapo wanaofanya hivyo kwa nia njema. Lakini akifundisha jioni mada aliyoiruka asubuhi, mtoto asiyelipa anaadhibiwa kwa umaskini wa wazazi wake. Jambo hilo lipelekeni kwenye kamati ya shule, na lisipoisha, kwa Afisa Elimu Kata. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni wakati wa likizo, na faini yake inaweza kufika shilingi za Kenya 100,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Mahali pa kusomea pawe pa wazi, barazani au darasani mlango ukiwa wazi, na mtoto arudi nyumbani kabla ya giza. Mtoto akianza kukataa kwenda bila kusema sababu, usimchape, mwulize taratibu. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Kwa simu

Asiye na mwalimu karibu anaweza kupiga picha ukurasa wa daftari na kumtumia mwalimu aliye mbali, kisha wakazungumza dakika kumi. Pia Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo kila swali linaelezwa: wengi walikosea wapi, na jibu zuri na jibu baya yalikuwaje. Ni kama kukaa karibu na msahihishaji, na ni bure. Mafaili yake ni makubwa, hivyo mmoja ayapakue na wengine wayachukue kwake.

Watu wazima

Mtu mzima hajifunzi kama mtoto, na mwalimu anayemfokea atampoteza siku ya kwanza. Asiyejua kusoma aanze na maandishi anayokutana nayo: ujumbe wa kupokea fedha kwenye simu, mfuko wa mbolea, kadi ya kliniki. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima vijijini katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na walijifunza kuhusu malaria na vyoo kwa sababu yalikuwa mambo ya nyumbani kwao.

Ambaye hakusoma sekondari na anataka cheti cha kidato cha nne hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT. Akifaulu, ndipo anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufanyika miezi mingi kabla ya mtihani, na kumlipa mwalimu wa tuisheni si kusajiliwa. Daini namba ya usajili na uihifadhi mwenyewe.