Mwanakondoo Kifuani mwa Mtoto



Nabii Nathani alipotumwa kumkemea Mfalme Daudi, hakuanza kwa kumtaja Uria. Alianza na mwanakondoo. Katika sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Samweli twasoma habari za maskini aliyekuwa na mwanakondoo jike mmoja tu, aliyekua pamoja na watoto wa nyumba ile, akala chakula chao na kulala kifuani mwa bwana wake kama binti. Tajiri akaja, akamtwaa. Daudi, ambaye naye alipata kuwa mchungaji, aliwaka hasira kabla ya kutambua kwamba habari ile ilikuwa yake.

Nawaalika wiki hii tumtazame mwanakondoo mwingine: yule wa kitambaa, mwenye manyoya laini, ambaye mtoto mdogo hakubali kulala bila yeye. Kwa nini amshikilie hivyo? Na kwa nini watu wazima walichelewa kumwelewa?

Kondoo wa kuchezea ana historia ndefu kuliko tunavyodhani. Katika karne ya 19 mafundi wa Ujerumani walitengeneza kondoo wadogo wenye miguu ya vijiti vya mbao, mwili ukiwa umevikwa sufu halisi. Wengi waliwekwa katika pango la Noeli au chini ya mti wa Krismasi. Walitengenezwa wapendeze macho, lakini sufu huita mkono, na vijiti havikubaliani na kukumbatiwa. (Kondoo wengi wa kwetu, kama wale wekundu wa Wamasai, wana nywele fupi badala ya sufu, hivyo mtoto wa huku humpapasa katika mchezo kondoo asiyepata kumwona malishoni.)

Aliyefungua njia ya mnyama wa kukumbatiwa alikuwa mwanamke asiyeweza kutembea. Margarete Steiff alizaliwa mwaka 1847 katika mji wa Giengen, Ujerumani. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu aliugua polio. Miguu ikapooza, na mkono wa kulia ukabaki dhaifu. Hata hivyo alijifunza ushonaji, akajipatia riziki kwa kushona nguo za felti, yaani kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa. Mwaka 1880 alishona tembo mdogo wa felti awe kijimto cha kuchomekea sindano. Watoto wakamgeuza kuwa rafiki. Wanyama wengine wengi wakafuata, na karakana ya Margarete ikawa kiwanda. Napenda kukumbuka kwamba uamuzi ule haukuwa wa mfanyabiashara wala wa mwalimu. Ulikuwa wa watoto, waliochukua kitu ambacho hawakukusudiwa wao.

Lakini wakati viwanda vikiwapa watoto vitu vya kukumbatia, wataalamu walikuwa wakiwaonya wazazi wasiwakumbatie watoto. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani, John B. Watson, aliandika kitabu cha malezi akishauri mtoto asibusiwe wala kupakatwa, bali asubuhi apewe mkono tu. Baadaye alikiri kwamba hakuwa na ujuzi wa kutosha kukiandika. Sijui ni watoto wangapi waliolia usiku kwa sababu ya ukurasa ule.

Jibu lilikuja kwa njia ambayo mimi binafsi naiona ni ya ukatili. Mwaka 1958 Harry Harlow alieleza jinsi alivyowatenga watoto wa kima na mama zao na kuwapa sanamu mbili: moja ya waya, nyingine iliyofunikwa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipotoka kwenye ile ya waya, walinyonya upesi kisha wakarudi kung'ang'ania kitambaa. Basi haikuwa kweli kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya chakula peke yake.

Miaka 6 kabla ya hapo, huko London, James Robertson alikuwa ameonyesha filamu ya msichana wa miaka 2 aliyelazwa hospitalini siku 8. Kwa desturi ya wakati ule wazazi waliruhusiwa kumtembelea kwa nyakati chache tu. Yeye hakuwa na kondoo. Alikuwa na dubu wa kitambaa na blanketi lake, akavishika kwa nguvu kila huzuni ilipomzidi. Madaktari na wauguzi wengi walikasirishwa na filamu hiyo, kama Daudi alivyokasirika, bila kujiona ndani yake. Ni mwaka 1959 tu ambapo kamati iliyoongozwa na Harry Platt iliishauri serikali ya Uingereza kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wodini bila vizuizi.

Daktari wa watoto Donald Winnicott alikuwa ameligusa jambo lenyewe mwaka 1951. Alieleza kwamba kitu hicho laini humsaidia mtoto kuvuka kutoka kuwa mmoja na mama yake hadi kusimama kama nafsi yake. Mtoto humpenda, humpiga, humburuta, naye hana budi kuyavumilia yote. Winnicott aliona pia kwamba wazazi humwacha achakae na kunuka, nao humchukua safarini jinsi alivyo, kwa maana wanajua kwamba akifuliwa, harufu ile ikatoweka, mtoto atampokea kama mgeni.