Miji ya Makimbilio na Mwanamke Aliyepigwa

Katika Hesabu 35 na Yoshua 20 tunasoma kwamba Mungu aliwaagiza Israeli watenge miji sita ya makimbilio, mitatu kila upande wa Yordani. Aliyekimbilia huko ni mtu aliyeua bila kukusudia. Mwanamke anayepigwa na mumewe hana hatia kama hiyo, wala hatumlinganishi naye. Lakini tuitazame miji yenyewe ilivyofanya kazi. Kumbukumbu la Torati 19 inaagiza njia ya kufika huko itengenezwe. Mkimbizi alipofika langoni, wazee walimsikiliza, wakampokea, wakampa mahali pa kukaa. Hawakumtia mikononi mwa aliyemfukuza, na shauri lake lilisikilizwa mbele ya mkutano. Tena miji hiyo ilikuwa ya Walawi, yaani watumishi wa hekalu ndio waliobeba mzigo wa kuwahifadhi wakimbizi.

Njia, lango, sikio, malazi, ulinzi na hukumu vilikwenda pamoja. Kimoja kikikosekana, mkimbizi alikuwa hatarini. Historia ya kuwasaidia wanawake wanaopigwa majumbani ni historia ya watu waliojifunza upya jambo hilo hilo, polepole na kwa gharama kubwa.

Mwaka 1971

Mwaka 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 66 kilitamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba mke hufundishwa kwa fimbo. Ni vizuri tujue kwamba sheria ya nchi yetu ilikwisha kulikataa neno hilo zaidi ya miaka 50 iliyopita. Sheria hiyo pia iliutaja ukatili, wa mwili au wa moyo, kuwa miongoni mwa mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika.

Hata hivyo, kifungu cha 66 hakikutaja adhabu wala hakikusema mwanamke alale wapi usiku ule anapotoka nyumbani na watoto mgongoni. Ilikuwa sheria bila nyumba.

Mwaka huo huo huko London, katika mtaa wa Chiswick, mwanamke aitwaye Erin Pizzey na wenzake walifungua nyumba ndogo ya akina mama kukutana na kuzungumza. Mara wakaanza kufika wanawake wenye majeraha wakiomba kulala. Nyumba ikajaa kupita kiasi, maana waliofika hawakurudishwa. Hapo kulikuwa na nyumba, lakini sheria ilikuwa haijafika. Ilipofika mwaka 1976 ndipo Bunge la Uingereza likazipa mahakama uwezo wa kumwamuru mume mkatili aondoke nyumbani, na mwaka 1977 sheria nyingine ikawasaidia wanawake wa namna hiyo kupata makazi.

Nchi moja ilianza na sheria, nyingine ikaanza na nyumba. Zote mbili ziligundua kwamba nusu ya msaada haimtoi mtu hatarini.

Safari ndefu ya kutafuta msaada

Hapa kwetu, kwa miaka mingi mwanamke aliyepigwa alikuwa na safari ndefu. Alianza kwa mjumbe au kwa wazee wa ukoo. Akienda hospitali, aliulizwa fomu ya polisi, PF3, kwa hiyo alirudi kituoni kuichukua. Kituoni alieleza habari zake kaunta, mbele ya kila aliyekuwepo, na mara nyingi aliambiwa kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, akayamalize na mumewe. Akipata fomu, alirudi tena hospitali, kisha alitakiwa kutafuta mashahidi na nauli ya kwenda mahakamani. Kila mahali alisimulia upya aibu yake. Wengi walichoka njiani, wakarudi walikotoka.

Wengine walirudi kwa sababu hawakuwa na kitu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Mwenye rufaa mwenyewe hakuambulia kitu, lakini neno lile likabaki kuwa msingi kwa waliomfuata. Mwanamke aliyepika, akafua na kulea kwa miaka 20 hakuweza tena kuambiwa kwamba alikuja mikono mitupu na ataondoka mikono mitupu.

Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake walianzisha chama chao, TAMWA, wakaanza kuyaandika mambo ambayo zamani yalinong'onwa. Baadaye Jeshi la Polisi likaanzisha Dawati la Jinsia na Watoto, ili mwenye shida asikilizwe faraghani na askari aliyefundishwa kazi hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Tuhesabu akina mama waliokaa katika safu moja ya viti Jumapili, tutaona maana yake.

Mkono kwa mkono

Hatua iliyofuata ilikuwa kuifupisha safari. Mwaka 2001 Hospitali ya Wanawake ya Nairobi ilianzisha kituo cha kuwatibu waliofanyiwa ukatili bila malipo na kuwapa ushauri nasaha. Mwaka 2009 Rwanda ilifungua kituo cha Isange katika hospitali ya polisi Kacyiru, Kigali, ambako daktari, mshauri na askari wako chini ya paa moja. Tanzania nayo ikafungua vituo vya namna hiyo katika baadhi ya hospitali, vikaitwa Mkono kwa Mkono. Jina hilo limebeba maana yote. Daktari anamkabidhi mgonjwa kwa mshauri, mshauri kwa askari, askari kwa ustawi wa jamii, na hakuna mahali anapoachwa peke yake.

Kanisa liko wapi?

Kanisa limo ndani ya safari hii tayari. Mlango wa kwanza unaobishwa mara nyingi ni wa mchungaji au wa mama kiongozi wa jumuiya. Tena Sheria ya Ndoa inataka shauri lipite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, na mabaraza ya jumuiya za dini yanaweza kutambuliwa kwa kazi hiyo. Wazee wetu, basi, wameketi langoni kama wazee wa miji ile.

Swali ni namna wanavyosikiliza. Tumezoea kuwaketisha mume na mke kwenye benchi moja na kumwuliza mke aseme mbele ya anayemwogopa. Tumezoea kuwaambia wavumilie, kwamba ndoa ni msalaba. Tunanukuu Malaki 2:16 kwamba Mungu huchukia kuachana, tukaishia hapo, wakati aya hiyo hiyo inaendelea kumkemea mtu ajifunikaye udhalimu kama vazi. Usuluhishi ni kwa watu waliokosana. Mtu anayepigwa anahitaji ulinzi kwanza. Sheria yenyewe inaipa mahakama nafasi ya kutomlazimisha kupita barazani panapokuwa na sababu zisizo za kawaida.

Usharika wowote unaweza kutengeneza njia. Wazee wamsikilize mwanamke peke yake, pamoja na mama mwenzake anayemwamini. Wajue dawati la polisi na kituo cha afya vilipo, wamsindikize badala ya kumtuma. Ziwepo familia mbili tatu zinazoweza kumlaza yeye na watoto bila kutangaza alipo, maana wanaofanya kazi hii wanajua kwamba wakati wa kuondoka ndio wenye hatari kubwa zaidi. Uwepo mfuko mdogo wa nauli, ada ya shule na mtaji wa kuanzia. Mume naye aambiwe wazi kwamba ametenda dhambi na kosa la jinai, na toba yake ipimwe kwa muda na kwa matendo, si kwa machozi ya siku moja.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanamke akifika langoni na siri yake, Mungu awape wazee wetu masikio ya Walawi, na atupe sisi sote utayari wa kuubeba mzigo pamoja nao.