Kadhi Aliyegeuka Meya

Mwaka 1519 Hernán Cortés alitua pwani ya Meksiko akiwa na kikwazo cha kisheria. Diego Velázquez, gavana wa Kuba aliyemtuma, alimruhusu kupeleleza na kufanya biashara, si kuteka nchi na kuweka makazi. Cortés, aliyewahi kufanya kazi ya karani wa sheria, akatafuta mwanya. Watu wake wakatangaza kwamba wameanzisha mji, Villa Rica de la Vera Cruz, ingawa mji wenyewe ulikuwa bado mchanga mtupu. Mji huo ukapata madiwani na alcalde wawili, yaani mahakimu wa mji, Alonso Hernández Portocarrero na Francisco de Montejo. Baraza hilo likaamua kwamba mamlaka ya Velázquez yamekwisha, kisha likamteua Cortés kuwa kapteni na hakimu mkuu kwa niaba ya mfalme. Ulikuwa ujanja, lakini ulishika: kwa Wahispania, penye alcalde pana mji, na mji una haki ya kumwandikia mfalme bila kupitia kwa gavana.

Jina alcalde lenyewe lina asili ya Kiarabu. Ni al-qadi, yule yule anayeitwa kadhi Mombasa na Unguja. Waislamu waliingia rasi ya Iberia mwaka 711 pamoja na makadhi wao, na ile herufi nzito ya dhadi kila watu wakaitamka walivyoweza. Waswahili waliishia na dh. Wahispania wakasikia l na d zikifuatana.

Wafalme Wakristo walipoiteka Toledo mwaka 1085 na Sevilla mwaka 1248, waliwaondoa watawala lakini wakabaki na majina ya vyeo vyao. Alcalde wa Castilla alifuata desturi za mji na amri za mfalme, si sharia ya Kiislamu. Kazi, hata hivyo, haikubadilika sana: kusikiliza kesi na kukata hukumu, huku mkononi ameshika vara, fimbo ya haki. Usimamizi wa soko, maji na mitaa ulijikusanya kwake polepole.

Katika karne ya 17 Pedro Calderón de la Barca aliitungia tamthilia fimbo hiyo, El alcalde de Zalamea. Mkulima Pedro Crespo anachaguliwa kuwa alcalde wakati ule ule binti yake amenajisiwa na kapteni wa jeshi. Kapteni anadai kwamba ni mahakama ya jeshi tu inayoweza kumhukumu. Crespo anamnyonga. Mfalme Felipe wa Pili anapofika, anaona hukumu ilistahili hata kama hakimu hakuwa na mamlaka, na anampa Crespo cheo hicho maisha yake yote. Ni mchezo wenye ubishi mwingi wa kisheria, na mtamu kwa sababu hiyo hiyo.

Wahispania walikipeleka cheo hicho hadi Amerika. Mwaka 1846 Wamarekani walipoiteka Monterey, California, kasisi wa jeshi la majini Walter Colton alifanywa alcalde wa mji. Akajikuta hakimu, polisi na msuluhishi wa ugomvi wa majirani, na mwaka huo huo akaitisha baraza la kwanza la wazee wa mahakama huko California.

Uhispania kwenyewe, karne hiyo ya 19 ilimpunguzia alcalde kesi zake moja baada ya nyingine na kuwapa mahakimu. Leo, katika manispaa zaidi ya 8,000, yeye ni meya: hushughulika na taka, taa za barabarani na vibali vya ujenzi. Sheria ya 1994 ilimwongezea kazi ambayo kadhi wa Lamu angeitambua mara moja, yaani kufungisha ndoa, ingawa hizi ni za kiserikali.

Alcaldesa, umbo la kike la jina hilo, kwa muda mrefu alikuwa mke wa alcalde. Mwaka 1924 Matilde Pérez Mollá akashika cheo chenyewe katika kijiji cha Quatretondeta, mkoani Alicante. Mwaka 2015 Madrid ikampata Manuela Carmena, ambaye kabla ya siasa alikuwa hakimu.