Stelingi Hafi? Mtazamaji wa Picha za Ngumi Shinyanga na Machimbo ya Geita

Tunapofundishwa historia ya fasihi na sanaa za maonyesho katika vyuo vyetu, tunaanza na ngano, tunapita kwenye tenzi, tunafika kwa Shaaban Robert, halafu tunahitimisha na tamthiliya za Ebrahim Hussein na Penina Muhando. Ni njia nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini mtu aliyekulia Kahama, Maganzo au Katoro akijiuliza ni sanaa gani iliyowakusanya wajomba zake usiku baada ya usiku, jibu halimo katika muhtasari huo. Jibu ni picha. Na si picha yoyote bwana, ni picha za ngumi, za bunduki, za stelingi na jambazi.

Makala haya yanamtazama mtu huyo ambaye wahakiki wetu wamempita njiani: mtazamaji wa kawaida, asiyesoma gazeti la sinema wala kujua jina la mwongozaji, ila anajua kabisa picha gani ni kali na ipi ni ya kupotezea watu muda. Tumezoea kumwandika kama mtu aliyemezwa na utamaduni wa kigeni. Mimi nadai kwamba alikuwa mhakiki, na swali alilolihakiki lilikuwa zito kuliko mengi tunayoyajadili kwenye semina zetu: ni nani mwenye haki ya kumwadhibu mwovu?

Tuanze mbali kidogo. Sinema haikuletwa vijijini kwetu kwa ajili ya starehe. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha jaribio la filamu za kuelimisha Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Walifundisha habari za safura, kodi na kilimo bora. Mojawapo ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anaweka fedha zake posta, mwingine anazifukia ardhini na mwizi anakuja kuzichimbua. Angalieni basi. Hata katika somo la posta ilibidi aletwe mwizi ili watu wakae macho! Miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu ya 1952, ambayo mmoja wa waigizaji wake, Rashidi Mfaume Kawawa, baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Baada ya uhuru serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na kwa sheria ya 1976 ikawekwa bodi ya kukagua filamu na michezo ya kuigiza. Wazo lilikuwa lile lile: mtazamaji ni mwanafunzi, na kuna mtu mwingine anayejua kinachomfaa.

Mwanafunzi huyo alitoroka darasani pale ilipokuja video. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, waliokuwa na fedha za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje, na miongoni mwa bidhaa hizo zikaingia deki na mikanda. Tukumbuke kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni yoyote mpaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1974. Kwa hiyo kwa muda wa miaka kumi hivi, kioo cha kwanza ambacho watu wengi wa kanda yetu walikitazama kilikuwa cha banda la video: kuta za mabanzi au maturubai, mabenchi, jenereta linalounguruma nje, na kijana mlangoni anayekusanya nauli ya kwenda Hong Kong.

Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo machimbo yalifurika watu. Mgodi mkubwa wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu 1936, ulifungwa mwaka 1966. Katika miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walijaa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Bulyanhulu. Palipo na maduara pana vijana wenye fedha leo na wasio na kitu kesho, mbali na mama zao, na jioni ni ndefu. Banda la video lilifuata rashi kama vile mama lishe na muuza mitumba walivyoifuata.

Sasa, je, watu hawa walikuwa wanameza tu? Kwanza, lugha. Kiingereza, Kihindi na Kichina vyote vilikuwa vigeni kwa wengi wao, kwa hiyo alihitajika mtu wa kufasiri. Katika mabanda mengi kazi hiyo aliifanya mtu aliyekaa karibu na kioo, na baadaye ikaja mikanda iliyokwisha kuingizwa sauti ya Kiswahili, maarufu kuliko zote ikiwa sauti ya Lufufu kutoka Dar es Salaam. Jirani zetu Waganda nao wana wafasiri wao mashuhuri, kama VJ Jingo. Mfasiri hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, alitania, alimpa jambazi jina la mtaani, alimwonya stelingi kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. Mwanafunzi wa fasihi simulizi akimsikia mtu wa namna hiyo hawezi kukosa kumtambua: huyu ni mtambaji, na hadhira yake inamjibu.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka tusimame, Wasukuma walikuwa na shule yao ya uhakiki kabla ya video. Ngoma zao zimegawanyika tangu zamani katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, vinavyotajwa kuanzishwa na mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Msimu wa mavuno ukiisha, makundi ya pande hizo mbili hushindana uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Ndiyo maana manju atatoa nyimbo mpya, wengine watacheza na chatu, wengine watafanya vichekesho na mazingaombwe, ilimradi watu wahame upande wa pili waje kwake. Yaani kura inapigwa kwa miguu! Mtu aliyekulia kwenye uwanja wa namna hiyo hafundishwi na mtu kwamba ana haki ya kuondoka onyesho likichosha.

Mjomba wangu, aliyechimba Nyarugusu katika miaka ya 1990, husimulia kwamba mabanda mawili yakitazamana, kila moja lilielekeza spika zake nje ili milio ya ngumi iwasikike wapita njia, na picha ikianza kupoa watu walidai mkanda ubadilishwe. Nilipomuuliza walijifunza wapi ukorofi huo alicheka tu: "Mbona hata kwenye ngoma ndivyo tulivyokuwa tunafanya."

Tuzitazame basi picha zenyewe. Katika The Big Boss ya 1971, Bruce Lee ni kijana mgeni anayekuja kufanya kazi katika kiwanda cha barafu nchini Thailand. Vibarua wenzake wanaogundua dawa za kulevya ndani ya barafu wanatoweka mmoja mmoja. Wafanyakazi wakianza kuuliza maswali, bosi anampandisha cheo kijana yule kuwa nyapara na kumlewesha kwa pombe na wanawake ili anyamaze. Nani anahitaji kufasiriwa hadithi hiyo kwenye duara? Mtu aliyeshuka shimoni akiwa hana hakika kama mgawo wake utakuwa wa haki, na aliyewahi kumwona mwenzake akipewa unyapara na kusahau wenzake, anaielewa kuliko mhakiki wa London. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa hapo. Mwaka mmoja kabla yake ulikuwa umefunguliwa mgodi mkubwa wa Geita. Kwa watu waliopitia hayo, picha ya kibarua anayempiga bosi si ya ngumi peke yake.

Mfano wa pili ni Sholay ya 1975. Kijiji cha Ramgarh kinasumbuliwa na jambazi Gabbar Singh. Thakur, aliyekuwa askari polisi na aliyekatwa mikono na jambazi huyo, anawaajiri wahalifu wawili wadogo wadogo, Jai na Veeru, wakilinde kijiji. Hebu sasa tuirudishe picha hiyo Shinyanga. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 silaha zilizagaa, hali ya uchumi ilikuwa mbaya, na wizi wa ng'ombe ukazidi. Polisi walikuwa wachache na mbali. Mnamo 1981 na 1982, katika vijiji vya Kahama na Nzega, wananchi wakaunda Sungusungu: pinde, mishale ya sumu, filimbi na kiapo. Mwizi akionekana filimbi inapigwa kijiji hadi kijiji. Serikali ilisita, kisha ikawakubali, na mwaka 1989 sheria ikawapa mamlaka kama ya mgambo. Kwa hiyo mtu wa Kahama aliyeitazama Sholay kwenye banda hakuwa anatazama India. Alikuwa anatazama mkutano wa kijiji chake.

Lakini kuna tofauti, na mtazamaji makini aliiona. Huko Ramgarh wokovu unaletwa na mashujaa wawili, na Jai mwenyewe anakufa. (Wale wanaosema stelingi hafi walipata tabu sana hapo.) Kwa Sungusungu hapakuwa na stelingi. Palikuwa na kijiji.

Tofauti ya pili ni mwisho. Thakur anampiga Gabbar kwa miguu mpaka anakaribia kumwua, ndipo polisi wanatokea na kumzuia. Mwongozaji alikuwa ametengeneza mwisho mwingine, Thakur anamwua jambazi, ila wakaguzi wa filamu wa India wakaukataa. The Big Boss nayo inaisha stelingi akijisalimisha kwa polisi. First Blood ya 1982 inaisha Rambo akijisalimisha. Rambo huyu aliingia katika Kiswahili chetu hadi mifuko ya plastiki ikaitwa kwa jina lake, mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Na kila mara, anasema mjomba, miisho hii ilizua kelele nje ya banda. "Eti wanamkamata stelingi? Walikuwa wapi watu wanauawa?" Wengine walijibu kwamba mtu hawezi kuachwa auwe tu. Mabishano yalifika mpaka kwenye kijiwe cha kahawa kesho yake. Hayo, ndugu zangu, ni uhakiki wa maudhui, tena bila alama za mtihani.

Wasomi wetu walipoandika juu ya hadithi za upelelezi na mapigano, wengi waliziweka kwenye fungu la fasihi pendwa na kuzipita haraka: Simu ya Kifo ya Katalambulla ya 1965, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ya 1974 na Willy Gamba wake. Kosa letu lilikuwa kuhoji kitabu na kumwacha msomaji. Ubora wa Willy Gamba ni jambo la kujadiliwa, nakubali. Ila kama msomaji anabishana juu ya haki na kisasi kwa sababu yake, hapo pana kazi ya mhakiki.

Sitaki hata hivyo kumpamba mtazamaji huyu. Kelele za "walikuwa wapi" zina upande wa giza. Sungusungu wale wale waliorudisha ng'ombe waliwaandama pia watu waliotuhumiwa uchawi, na katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Wasiokuwemo bandani walikuwa wao. Kuanzia 2006 na 2007 yakatokea mauaji ya watu wenye ualbino, Shinyanga, Mwanza na Geita zikiwa katikati ya balaa hilo, kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati ya mali, dhahabu ikiwemo. Aliyempigia makofi kibarua wa Bruce Lee angeweza kuwa jirani wa mwuaji, au wa mteja wake.

Mwaka 2013 ilitoka White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopata tuzo Venice. Kijana Alias, mwenye ualbino, anashuhudia baba yake akiuawa. Mama yake anampeleka mjini kwa mjomba, ambako anafanya biashara ndogondogo za mitaani: miwani, simu, na DVD. Nilipoitazama nilishtuka kwa jambo hilo dogo. Mtoto anayewindwa ndiye anayetuuzia picha za kuwindana. Na humo hakuna stelingi wa kuja kumwokoa.

Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Tunaweza kubishana juu ya adhabu yenyewe, lakini shauri lilisikilizwa, ushahidi ukatolewa, watu wakajibu. Ni mwisho ule ule uliokuwa ukizomewa bandani: polisi wanakuja, tena wamechelewa. Nadhani waliozomea walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini wamechelewa. Waliobisha kwamba lazima waje, nao walikuwa na haki, na leo mimi niko upande wao.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akasoma Bugoyi, akawa nyota mkubwa kuliko wote wa filamu za Kiswahili mpaka alipofariki Aprili 2012. Filamu nyingi za wakati wake zilikaa kwenye majumba ya kifahari ya Dar es Salaam. Ile ya duara, karasha na filimbi ya Sungusungu, mimi bado sijaiona. Atakayeitunga asihangaike kutafuta hadhira. Ipo, ina uzoefu wa kuhukumu, na isiporidhika itaondoka kwa miguu yake kama ilivyofanya siku zote.