Gari Mpya Ilitupita Wapi?

Wasee, nina swali. Mara ya mwisho mtu wa familia yenu kununua gari mpya ilikuwa lini? Sisemi "mpya kwetu". Nasema mpya kabisa, ile viti bado viko na nailoni.

Kwetu nyumbani, gari ya mzee ni Fielder iliyoshukia Mombasa kutoka Japani. Kila asubuhi akiiwasha, sauti ya mwanamke inatusalimia kwa Kijapani. Hatujui anasema nini, lakini tumemzoea kama jirani.

Sasa kilichonishtua ni shosho. Aliniambia marehemu guka alinunua pikapu ya Peugeot 504 ikiwa mpya. Na guka hakuwa tajiri. Alikuwa na duka na kahawa kidogo. Mimi nina diploma na simu nzuri kuliko chochote alichowahi kushika, na siwezi hata kuuliza bei bila mlinzi kuniangalia viatu. Nikajiuliza, ni nini kilitokea hapo katikati?

Tuanze miaka ya 70. Serikali ilitaka magari yaunganishwe hapa hapa, kwa hivyo ikaingia ubia na kampuni za nje. Leyland ikaenda Thika, General Motors ikajenga Nairobi, na AVA ikawa Mombasa. Kuleta gari kutoka nje kulihitaji leseni, na pesa za kigeni zilidhibitiwa. Kwa hivyo ukitaka gari, mara nyingi ulichukua ile iliyofungwa nati na Mkenya.

Ushindani ulikuwepo, na uwanja wake ulikuwa vumbi. Safari Rally ilianza 1953, na kwa kampuni za magari ilikuwa tangazo kubwa kuliko lolote. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha ikarudia 1966, 1967 na 1968. Halafu Datsun ikaja: 1970, 1971, 1973. Shekhar Mehta akaishindia tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mtu wa kijijini hakuhitaji kusoma gazeti. Aliona gari imepita kwenye matope ya barabara yake, akajua hiyo itabeba kabichi.

Tukajiamini hadi tukataka yetu. Mwaka wa 1986 Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, na mwaka wa 1990 Nyayo Pioneer ikazinduliwa. Watu huicheka sana mtandaoni. Mimi siicheki. Wahandisi wetu walitengeneza magari ya majaribio, yakatembea. Kilichokosekana ni pesa za kuyatengeneza kwa wingi.

Halafu ikaja miaka ya 90. Uchumi ukafunguliwa, zile leseni zikaondolewa, na meli zikaanza kushusha mitumba. Hapo ndipo mchezo ulibadilika. Mwalimu na nesi wakaanza kumiliki gari, kitu ambacho wengi wao wasingeota. Baadaye ikawekwa sheria kwamba gari isizidi umri wa miaka 8, na ndiyo sababu kila Januari unaona bei za yadi zikizungumziwa kama hali ya hewa.

Na gari mpya je? Mwaka wa 2015 ulikuwa mzuri: zaidi ya magari 19,000 yaliuzwa nchi nzima. Mwaka uliofuata yakashuka hadi kama 13,500. Ushuru ulikuwa umechezewa, na Septemba 2016 sheria ya kubana riba ikafanya benki ziogope kukopesha watu wa kawaida. Tangu hapo soko halijarudi pale juu.

Ukiangalia ni nani ananunua, utaelewa. Sehemu kubwa ni malori, mabasi na pikapu. Isuzu, ambayo ilichukua hisa za General Motors hapa 2017, inaongoza kwa sababu inauza gari ya kazi. Anayenunua ni kampuni, shule, sako ya matatu na serikali. Mimi na wewe hatumo kwenye hesabu hiyo.

Waliojaribu kutuuzia sisi wameumia. Volkswagen ilirudi Thika Desemba 2016 na Polo Vivo, lakini haikufuta Vitz barabarani. Mobius, gari iliyobuniwa kwa ajili ya barabara zetu mbaya, ilitangaza kufunga 2024 kabla ya kupata mnunuzi. CMC, kampuni iliyoanza 1948, ilitangaza kuondoka sokoni Januari 2025.

Kwa hivyo tusidanganyane kwamba vita ni ya Isuzu na Toyota. Mpinzani wa kila gari mpya Kenya ni ile meli ya Japani.

Hapa ndipo roho yangu inagawanyika. Binamu yangu alisomea ufundi wa magari miaka mitatu. Leo anaendesha teksi ya aplikesheni, tena kwa mtumba wa kukodi. Kazi aliyosomea ilifanywa na kijana mwingine huko Nagoya, miaka nane iliyopita. Lakini huo huo mtumba ndio unamlisha.

Mwaka wa 2019 kulikuwa na rasimu ya sera iliyotaka umri wa mitumba upunguzwe ili viwanda vya hapa vipumue. Watu walipiga kelele na umri haukupunguzwa. Mimi pia ningepiga kelele. Huwezi kumnyang'anya mtu ngazi kabla hujamwekea lifti.

Lakini pia siwezi kuimba "nunua Kenya" halafu nikubali mambo yabaki hivi. Wanaonunua magari mapya wakiwa na uwezo ni serikali na kaunti, kwa kodi yetu. Tuanze na hao. Kila gari kubwa ya mheshimiwa iliyokuja ikiwa imekamilika ni zamu ya kazi ambayo Thika haikupata. Guka alinunua mpya kwa sababu mtu aliamua gari ziunganishwe hapa, na shamba lake likaweza kulipia. Ulikuwa uamuzi wa watu, haukuwa bahati.

Wewe je, kwenu mara ya mwisho ilikuwa lini? Muulize shosho wako kabla hujanijibu.