Kitabu cha ubora: kilitoka wapi mpaka kikafika Jorodom?

Nilikuwa nyumbani Jorodom, chini ya Mlima Hanang', na huko nikapewa kazi isiyo ya magazeti. Mmiliki wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, ambako baba yangu mdogo ni fundi mitambo, alinipa flashi yenye mwongozo wa ubora wa kurasa 60. Anataka cheti cha ISO 9001. "Wewe ni msomi wa chuo kikuu," akaniambia, "badilisha jina tu, uweke la kwetu."

Nikafungua. Mwongozo ulikuwa wa kiwanda cha nguo! Ukurasa mzima unaeleza jinsi ya kukagua rangi ya vitambaa. Mshauri aliyeuuza alishalipwa na kuondoka zake.

Usiku ule nikaanza kutafuta haya mambo yalianzia wapi. Kumbe yalianzia jeshini. Mwaka 1959 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa masharti yaliyoitwa MIL-Q-9858: anayetaka kuliuzia jeshi lazima awe na mfumo wa ubora ulioandikwa. Mantiki yake ni rahisi. Huwezi kulipua kila bomu ili ujue kama ni zima, kwa hiyo unakagua namna yanavyotengenezwa. Waingereza wakaja na BS 5750 mwaka 1979, kisha Shirika la Kimataifa la Viwango, lililoanza kazi 1947, likatoa ISO 9001 mwaka 1987 likiifuata kwa karibu ile ya Waingereza.

Sisi tayari tulikuwa na Shirika la Viwango, TBS, kwa sheria ya mwaka 1975. Kwa majirani zetu Kenya, taasisi za umma ziliposaini mikataba ya utendaji na serikali miaka ya 2000, hadi vyuo vikuu vilivikimbilia vyeti hivi.

Sasa kitabu chenyewe. Toleo la 1994 lilikuwa na vipengele 20, na waandishi wengi wa miongozo walivifuata kimoja baada ya kingine, ndiyo maana miongozo ya zamani inafanana kama mapacha. Toleo la 2000 likabakiza taratibu 6 tu za lazima kuandikwa, na mwongozo unaosema mfumo unahusu nini na kazi moja inaingiaje kwenye nyingine. Toleo la 2015 likaondoa kabisa sharti la mwongozo. Kiwanda kiwe na maandishi na kumbukumbu zinazohitajika, ziitwe jina lolote. Yaani mzee wa watu amelipia kitabu ambacho kiwango chenyewe hakikidai! Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu ya baba mdogo. Yeye ana daftari. Kila siku anaandika magunia ni ya nani, mbegu zilikuwa kavu kiasi gani, mashine ameikaza vipi, mafuta yamechujwa mara ngapi, madumu mangapi yametoka. Daftari zake za miaka ya nyuma zilichukuliwa na tope lililoporomoka kutoka mlimani Desemba 3, 2023. Msimu uliofuata alianza upya kwa kubahatisha, na wateja wakarudisha madumu yenye mafuta machafu. Mshauri alipokuja, hakuna aliyemuuliza baba mdogo chochote.

Nilimweleza mmiliki haya yote. Akaniuliza, "Na mkaguzi akitaka kitabu je?" Nikamjibu kwamba mkaguzi aonyeshwe daftari, aende nalo hadi kwenye mashine, aone kama yaliyoandikwa ndiyo yanayofanyika, na mimi nitalichapa libaki na nakala sehemu nyingine. Hajanijibu mpaka leo.

Baba mdogo ameshanipa daftari. Ila ameweka sharti: liwe limerudi kabla ya Jumatatu, kuna magunia yanaingia.